Kamera ilikuwepo, video haikuwepo: uchambuzi wa kisa cha kamera ndogo ya gari

Usuli

Dereva wa kisa hiki ana gari dogo la kwendea kazini. Anaendesha siku tano kwa wiki, jumla ya saa moja na nusu kwa siku. Njia yake ina matuta mengi, mlima mmoja wenye foleni kila asubuhi, na kipande cha barabara ya leni mbili. Mchana kutwa gari hukaa juani. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa; siku zinahesabiwa tangu kamera ilipofungwa, na hiyo ndiyo siku ya 1.

Alichotaka ni ushahidi siku akigongana na mtu, basi. Hakutaka kifaa kingine cha kuhangaika nacho kila asubuhi. Alisema anatafuta kamera ya kufunga na kusahau, na kweli aliisahau.

Kamera aliyochagua, na kwa nini

Alilinganisha aina tatu. Moja ni ile inayovalishwa juu ya kioo cha kutazamia nyuma, yenye jicho la mbele na la nyuma. Aliiacha kwa sababu waya wa nyuma hupita dari lote hadi kwenye buti. Nyingine ilikuwa ya 4K yenye skrini. Ya tatu ilikuwa ndogo, inayojificha nyuma ya kioo cha kutazamia: haina skrini, ina taa moja na kitufe kimoja, na inarekodi 1080p kwa fremu 30 kwa sekunde. Akachukua hiyo.

Uamuzi huo ulikuwa mzuri, hata kama muuzaji alimwangalia kama mtu anayebana pesa. Video ya 4K ya megabiti 40 kwa sekunde hula GB 18 kwa saa. Hii ya 1080p, yenye megabiti 15, hula chini ya GB 7. Na usiku pikseli nyingi zilizobanwa kwenye kihisi kidogo cha picha hazisaidii sana, kwa sababu kinachokosekana ni mwanga.

Jambo la pili alilopatia ni umeme wa ndani. Kamera yake ina kapasita, yaani kijenzi kinachotunza umeme kidogo kwa muda mfupi; haina betri ya lithiamu. Gari lililofungwa vioo juani hupata joto kali, na sehemu iliyo nyuma ya kioo cha mbele ndiyo mbaya kuliko zote. Betri ya lithiamu ikikaa hapo miezi kadhaa huvimba, na wakati mwingine huachanisha ganda la kamera. Kapasita inavumilia zaidi. Kazi yake ni ndogo: gari likizimwa, huipa kamera sekunde chache za kukamilisha faili la mwisho vizuri. Faili la video la MP4 lililokatwa kabla ya kukamilishwa mara nyingi halifunguki kabisa, hata kama picha zote zimo ndani.

Makosa yalikuwa kwenye vitu ambavyo havikuja na boksi. Memori kadi ilikuwa ya GB 32, ya kawaida, iliyotoka kwenye simu ya zamani. Kwenye mipangilio alichagua mafaili ya dakika 3, akawasha maikrofoni, na sensa ya mtikisiko akaiweka kwenye ngazi ya juu kabisa, akiamini kwamba sensa kali ndiyo salama. Siku ya 2 kamera ikawa inalia kila akipanda tuta. Akazima milio.

Tukio la kwanza: siku ya 41

Asubuhi, foleni mlimani. Gari la mbele lilikuwa limesimama umbali wa mita mbili hivi. Lilipotaka kuondoka lilirudi nyuma na kugonga bampa la mbele la dereva wetu. Yeye alikuwa amesimama, breki imekanyagwa.

Mwenye gari la mbele alishuka na kusema amegongwa kwa nyuma. Kwa macho tu, hapakuwa na cha kumpinga: gari moja limebonyea nyuma, jingine limebonyea mbele, na hali hiyo kwa kawaida humwangukia aliye nyuma. Dereva wetu hakubishana. Aliamini jibu lote liko kwenye kioo.

Jioni alifungua programu ya kamera kwenye simu. Video ya mwisho ya kawaida ilikuwa ya siku ya 24, kwa hiyo kwa siku 17 hapakuwa na kitu. Bima ilimhesabu kuwa ndiye mwenye kosa, akabeba sehemu yake ya gharama, na punguzo la bima analopewa asiyedai fidia likaondoka.

Kadi ilikuwa na nini

Kadi ilipofunguliwa kwenye kompyuta, folda ya mafaili yaliyofungwa yasifutwe ilikuwa na mafaili 91. Karibu yote yanaonyesha kitu kimoja: barabara, tuta, boneti inainuka na kushuka. Moja lilikuwa la mlango uliofungwa kwa nguvu.

Utaratibu wa kamera hizi ni kurekodi kwa mzunguko: kadi ikijaa, faili la zamani kuliko yote hufutwa ili jipya lipate nafasi. Sensa ikihisi mshtuko, faili la wakati huo hufungwa lisifutwe. Kamera nyingi huwekea mafaili hayo kiwango, kwa mfano sehemu fulani ya kadi, na yakizidi hufuta yaliyotangulia. Hii haikuwa na kiwango. Kilichofungwa kilibaki.

Hesabu yake ni rahisi. Megabiti 15 kwa sekunde ni MB 112 kwa dakika, hivyo faili la dakika 3 ni MB 337 hivi. Mafaili 91 ni zaidi ya GB 30. Kwa wastani wa mafaili matano kwa siku ya kazi, siku 18 za kazi zilitosha kuimaliza kadi ya GB 32. Nafasi ya mzunguko ilipungua kidogo kidogo kutoka zaidi ya saa nne hadi dakika chache, kisha kamera ikasimama.

Ilisema, kwa njia yake. Taa iliyokuwa imetulia ilianza kumeta, lakini kamera ilikuwa nyuma ya kioo na taa imeelekea dari. Mlio ungesikika, ila ulikuwa umezimwa tangu siku ya 2. Kamera yenye skrini ingeonyesha ujumbe usoni pake kila asubuhi.

Marekebisho na sababu zake

*Sensa.* Ilishushwa hadi ngazi ya chini, kisha ikajaribiwa: safari moja kamili ya njia ile ile, halafu kuhesabu mafaili yaliyofungwa. Safari ya kwanza ilitoa moja, ya pili sifuri. Kuzima sensa kabisa kulikataliwa, kwa sababu katika ajali kubwa dereva anaweza asiwe na hali ya kubonyeza kitufe.

*Kadi.* Ilinunuliwa ya GB 128, ambayo ndiyo kikomo cha kamera hiyo, aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, yenye alama za kasi ya kuandika za U3 na V30. Kwa megabiti 15 inabeba karibu saa 19, yaani siku 12 za kazi za dereva huyu. Ukubwa wenyewe ni kinga ya uchakavu. Kamera yake huandika GB 10 kwa siku, kama GB 2,500 kwa mwaka. Kadi ya GB 32 ingeandikwa upya yote karibu mara 80 kwa mwaka; ya GB 128, mara 20. Kabla ya kuwekwa, kadi ilijazwa yote na kusomwa upya kwa programu ya H2testw, kazi iliyochukua saa kadhaa, kwa sababu kadi bandia hujitangaza kuwa na GB 128 huku ndani ina robo ya hizo. Kadi bandia haionyeshi kosa; inaandika juu ya ilichokwisha kuandika. Baada ya hapo ilifomatiwa ndani ya kamera yenyewe. Kadi zinazozidi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa mafaili wa exFAT, na kuna kamera zinazotaka ule wa FAT32; kamera ikifomati yenyewe, suala hilo linaisha.

*Umeme.* Mwanzoni ulitoka kwenye tundu la kuwashia sigara, waya ukining'inia. Plagi ililegea mara kadhaa, na hiyo ni njia nyingine ya kamera kuzimika bila mtu kujua. Waya ulihamishiwa kwenye boksi la fyuzi kwa kifaa cha kushusha volti 12 hadi 5. Vifaa vingi vya aina hii vina nyaya tatu: nyeusi huenda kwenye boltu ya bodi, nyekundu kwenye fyuzi inayopata umeme swichi ikiwashwa, na njano kwenye fyuzi yenye umeme muda wote kwa ajili ya kurekodi gari likiwa limeegeshwa. Hapa nyekundu na njano ziliunganishwa zote kwenye fyuzi ya swichi, na kurekodi kwa kuegesha kukafa hapo hapo. Ilipimwa kwa multimita: swichi ikizimwa volti 0, ikiwashwa volti 12 na zaidi. Fyuzi za mifuko ya hewa na za breki za ABS hazikuguswa.

Kwa nini asirekodi akiwa ameegesha? Kamera hula kama robo ampea kwenye volti 12. Usiku mmoja wa saa 10 ni Ah (ampea-saa) 2.5, si kitu. Lakini gari likiachwa Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, saa 60 ni Ah 15, theluthi ya betri yake ya Ah 45, na betri hiyo si mpya. Kipo kikomo cha volti kinachoweza kuwekwa ili kamera ijikate yenyewe. Kwa betri ya asidi kikomo cha volti 12.2 maana yake ni kuiacha betri na karibu nusu ya chaji, na betri chovu yenye nusu ya chaji inaweza isiwashe gari. Kwa matumizi yake haikuwa na faida ya kutosha.

*Waya na nafasi.* Waya ulisukumwa chini ya ukingo wa dari kwa kidole, ukashuka kwenye nguzo ya kioo. Magari mengi yana mfuko wa hewa wa pazia ndani ya nguzo hiyo. Waya lazima upite nyuma ya mfuko na ufungwe kwenye waya mkubwa uliopo, usiwe mbele yake. Ukiwa mbele, mfuko ukifumuka utaurusha waya usoni pa abiria. Hatua hii ndiyo tunayoona ikirukwa zaidi, na ndiyo pekee inayoweza kuumiza mtu.

Kamera yenyewe ilisogezwa sentimita sita hivi. Pale mwanzo ilikuwa nje ya eneo linalofutwa na waipa, na video za mvua zilionyesha maji tu. Kioo kilisafishwa kwa spiriti, gundi ya pande mbili ikabanwa sekunde 30, na kamera haikuvalishwa hadi kesho yake, kwa sababu gundi hiyo hukaza taratibu.

*Ukaguzi.* Hapa ndipo mpango wa kusahau ulipofutwa. Kioo kidogo cha mviringo kilibandikwa kwenye ukingo wa dari ili taa ionekane kutoka kwenye kiti. Mlio wa kosa ukawashwa tena, ule wa kufunga faili ukabaki umezimwa. Na kila Jumatatu, kabla ya kuondoka, hufunguliwa programu na kuchezwa faili la mwisho la Ijumaa. Kucheza, si kuona tu kwamba lipo. Kadi hufomatiwa mara moja kwa mwezi.

Tukio la pili: wiki ya 15 baada ya marekebisho

Jioni, jua linazama, barabara ya leni mbili, mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Pikapu iliyokuwa leni ya pembeni ilihama bila indiketa, ikakwangua madigadi na mlango wa mbele, kisha ikaendelea.

Dereva alifanya mambo matatu. Alisoma namba ya pikapu kwa sauti, mara mbili, herufi moja moja. Maikrofoni ilikuwa imewashwa. Aliposimama pembeni alibonyeza kitufe cha kufunga faili. Kisha, gari likiwa bado halijazimwa, alishika simu mbele ya kamera ikionyesha saa yake. Kamera haina GPS, na saa yake ilikuwa imechelewa dakika 6. Picha hiyo iliweka tofauti ndani ya rekodi ile ile, bila maelezo ya baadaye.

Sensa haikufunga faili lenyewe. Kukwanguliwa ubavuni hakutikisi gari kama tuta linavyolitikisa, na ngazi ya chini haikukuona. Bila kitufe, video ingebaki kwenye foleni ya kufutwa.

Jambo moja nusura liharibike. Kugongwa kulitokea sekunde 20 tu tangu faili jipya kuanza. Kitufe kilifunga faili hilo, na lile lililotangulia, linaloonyesha pikapu ikiyumba kati ya leni kwa zaidi ya dakika moja, likabaki wazi. Liliokolewa kwa sababu kadi ilitolewa usiku huo huo, na kadi ya akiba ikawekwa. Kwenye ile kadi ya GB 32, saa tano za kuendesha zingelifuta.

Matokeo

Video ya kwanza kufika kwa bima ilitumwa kwa programu ya ujumbe kwenye simu. Faili la MB 337 likafika likiwa halifiki MB 20, na namba ya pikapu ikawa kama doa la unga. Mkaguzi alijibu kwamba haisomeki. Baadaye yalipelekwa mafaili mawili ya asili kwenye flashi, bila kukatwa wala kupunguzwa, na namba ikasomeka katika fremu chache zilizolingana na sauti ya dereva. Upande wa pili ulikubali kosa.

Mtu wa karibu alimshauri airushe video mtandaoni. Alikataa. Sheria za kurekodi barabarani hazifanani. Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani, kwa mfano, iliamua tarehe 15 Mei 2018 kwamba video ya kamera ya gari inaweza kupokelewa kama ushahidi katika kesi ya madai ya ajali, huku ikisema kurekodi mfululizo bila sababu kunavunja sheria ya ulinzi wa data. Kumpa bima video ni jambo moja. Kuonyesha sura na namba za watu hadharani ni jingine. Sauti pia: anayepanda gari lake sasa huambiwa kwamba maikrofoni imewashwa.

Uchambuzi

Kushindwa kwa siku ya 41 hakukutokana na kifaa kibovu. Sensa kali ingevumilika kwenye kamera yenye skrini. Milio iliyozimwa ingevumilika kama sensa ingekuwa chini. Ukubwa wa kadi ulichelewesha au kuharakisha tu: kwa sensa ile ile, GB 128 ingejaa baada ya zaidi ya miezi mitatu, na kosa lingekuwa gumu zaidi kuligundua. Ndiyo maana kununua kadi kubwa bila kugusa sensa, kama alivyotaka kufanya kwanza, kusingetatua kitu.

Swali la namba kusomeka linastahili hesabu, kwa sababu wengi hununua pikseli wakitumaini kusoma kila namba. Kamera hii inaona pembe ya mlalo ya kama nyuzi 120 kwa pikseli 1,920, yaani pikseli 16 kwa kila nyuzi. Kibao cha namba chenye upana wa nusu mita, kikiwa mita 10 mbele, kinapata pikseli 46 hivi. Chenye herufi saba, kila herufi inabaki na sita, na hizo hazisomeki kwa uhakika. Kwenye mita 5 herufi moja inapata 13, na inasomeka. Pikapu ilikuwa karibu kiasi hicho, na ilikwenda mwendo mmoja na gari, hivyo picha haikuburuzika. Gari linalokuja mbele ni habari nyingine: magari mawili ya kilomita 50 kwa saa yanakaribiana kwa karibu mita 28 kwa sekunde, na katika fremu iliyonaswa kwa 1/60 ya sekunde hiyo ni nusu mita. Jioni, kamera inapolazimika kufungua muda mrefu hivyo, namba ya gari hilo haipatikani hata ukinunua 4K. Kuisoma kwa sauti hakuna gharama, na katika kisa hiki ndiko kulikothibitisha herufi mbili zilizokuwa na utata kwenye picha.

Sensa ya ngazi ya chini ina bei yake, na bei hiyo ni kitufe. Dereva asiyezoea kukibonyeza atapoteza migongano midogo, ambayo ndiyo mingi. Afadhali pia kuweka mafaili ya dakika 3 kuliko ya dakika 1: kwa dakika 1, tukio lingekatika vipande vingi zaidi na kitufe kingefunga kidogo zaidi.

Kioo kidogo cha darini kilifanya kazi mara moja nje ya ajali. Wiki ya 9 taa ilimeta. Kadi ilikuwa imelegea kwenye tundu lake baada ya kutolewa na kurudishwa. Ilionekana kabla gari halijatoka getini.

Upande wa nyuma bado hauna jicho. Kamera hii haipokei kamera ya pili, na kuongeza nyingine inayojitegemea maana yake ni kadi ya pili, ukaguzi wa pili kila Jumatatu, na waya unaopita kwenye mpira wa mlango wa buti, mahali nyaya hukatika kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Dereva amepima urefu unaohitajika, mita 4 na nusu, lakini bado hajanunua.